Je, Wajua? Dawa ya Sakafu Imo Mpaka Kwenye Damu Yako

Je, wajua kuwa mwili wako unatengeneza jiki? Ndiyo, wewe hapo! Seli nyeupe za damu zikishammeza bakteria, humwagia asidi ya hipoklorasi, kemikali ileile inayoua vijidudu ndani ya ndoo yako ya deki.

Seli hizo zinaitwa neutrofili, na mtu mzima huzalisha takriban bilioni 100 kila siku. Kimeng'enya kinachopika dawa hiyo kina rangi ya kijani. Umewahi kujiuliza kwa nini usaha huwa na ukijani? Ndicho hicho!

Jiki ya dukani nayo asili yake ni chumvi, chumvi hii hii ya mezani. Maji ya chumvi hupitishiwa umeme, yakatoa klorini na alkali kali, na viwili hivyo vikikutanishwa unapata jiki. Halafu ikikaa sana kabatini inarudi ilikotoka: inageuka maji ya chumvi. Tazama tarehe kwenye chupa yako leo, mwenzangu. Huenda unapiga deki kwa chumvi na hujui!

Joto na jua huiua haraka zaidi, ndiyo maana chupa zake hazipitishi mwanga. Na ukishaizimua kwa maji, ihesabie saa 24 tu. Ya jana mwaga, changanya mpya.

Umewahi kuishika kwa mikono mitupu ukahisi utelezi kwenye vidole? Huo utelezi ni wewe mwenyewe! Jiki ni alkali, na ikigusa mafuta ya ngozi huanza kuyageuza sabuni. Suuza kwa maji mengi mpaka utelezi uishe.

Hapo hapo, sikia hili: kuna wagonjwa wa ukurutu ambao madaktari wa ngozi huwaogesha kwa jiki. Kweli kabisa! Lakini ni jiki ya asilimia 0.005, yaani mara 700 chini ya ile ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani, na anayepima ni daktari. Usijaribu kukisia bafuni kwako.

Kwenye milipuko ya Ebola, Kongo na Uganda, wahudumu walinawa mikono kwa maji ya klorini ya asilimia 0.05 na kusafisha sakafu kwa asilimia 0.5. Sufuri moja tu, na nguvu imeruka mara kumi! Kwa jiki ya asilimia 3.5, ile ya sakafu ni kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 6 vya maji. Ile ya mikono ni kikombe 1 kwa vikombe 69. Wewe huwa unapima, au unamimina tu?

Unamwagia jiki maji ya moto ili ifanye kazi vizuri zaidi? Acha leo. Joto huivunja na kuifukuza hewani, yaani dawa iliyotakiwa ibaki sakafuni inaishia puani mwako. Maji ya baridi yanatosha.

Klorini yenyewe ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1774. Aliyeipata ni Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi, akaona inafuta rangi ya maua na majani mbele ya macho yake. Scheele alikuwa na tabia ya kuonja kemikali zake, na alifariki akiwa na miaka 43 tu.

Mfaransa Claude Berthollet ndiye aliyeona kwamba kinachofuta rangi ya maua kinaweza pia kung'arisha vitambaa. Dawa yake ikatengenezwa Javel, kijiji kando ya mto Seine ambacho leo kimemezwa na jiji la Paris. Nenda Lubumbashi au Bujumbura ukanunue jiki: utaambiwa javel, miaka zaidi ya 200 baadaye!

Na huyu je? Vienna, Aprili 1847: katika wodi ya daktari Ignaz Semmelweis, takriban wanawake 18 kati ya kila 100 waliojifungua walikuwa wakifa. Akawaamuru madaktari wote wanawe mikono kwa chokaa ya klorini. Kufika Julai mwaka huohuo, hawakuwa wakifa hata 2 kati ya 100. Miezi mitatu tu! Kwa hiyo usinisikie vibaya, mimi naiheshimu sana klorini. Imeokoa mama wengi mno.

Lakini dawa za kuua vijidudu hazimuulizi mtu. Karibu na mwaka 1889, katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, muuguzi Caroline Hampton aliharibika ngozi ya mikono kwa kuichovya kila siku kwenye kloridi ya zebaki. Daktari mpasuaji William Halsted akamwagizia glovu za mpira kutoka kampuni ya Goodyear. Glovu zile ndizo zilizofungua njia ya glovu za upasuaji unazoziona kila hospitali. Na Halsted na Caroline? Walioana mwaka 1890!

Sasa shika hapa kwa makini, maana hili ndilo ninalotaka lifike kila nyumba. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini hapohapo. Ndani ya choo kidogo, mlango umefungwa, dakika moja inatosha kukukata pumzi. Asidi si ile kali tu: siki na ndimu nazo zinaitoa gesi hiyo.

Gesi hiyohiyo ndiyo iliyotumika vitani! Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia zaidi ya tani 150 za klorini zipeperuke na upepo. Ni moshi wa kijani kibichi chenye manjano, nao uliua askari ndani ya mahandaki yao.

Kwa nini ndani ya mahandaki? Kwa sababu klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, hivyo inatafuta chini. Hebu fikiri: nyumbani kwako, nani anaishi chini kabisa karibu na sakafu? Mtoto anayetambaa!

Na kama choo kina mkojo? Mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa kloramini, gesi nyingine inayochoma macho na koo. Vuta maji kwanza, ndipo umwage jiki.

Jiki na spiriti, je? Vikichanganyika vinaweza kutoa klorofomu! Ndiyo, klorofomu ileile ambayo daktari John Snow alimpa Malkia Victoria mwaka 1853 alipokuwa akijifungua. Kila dawa na ndoo yake, tafadhali.

Umeingia kwenye bwawa la kuogelea ukasikia harufu kali, ukasema "hapa wameweka klorini nyingi"? Harufu ile si ya klorini peke yake. Ni kloramini, zinazotokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa safi kweli halinuki hivyo!

Tukirudi ndani ya nyumba, dawa ya sakafu haiishii sakafuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichukua vumbi la nyumba 40 mwaka 2020, wakatafuta kemikali za kundi la benzalkoniamu, zile zilizojaa kwenye vitambaa vya kufutia na dawa za kupulizia. Walizikuta katika zaidi ya asilimia 90 ya sampuli. Kwenye vumbi! Yaani dawa uliyofutia Jumatatu imelala chini ya kochi mpaka leo.

Wakaenda mbele wakapima damu. Sampuli za watu zilizochukuliwa wakati wa Korona zilikuwa na kemikali hizo kwa asilimia 77 zaidi ya sampuli za kabla yake. Sakafu, vumbi, mkono, mdomo, damu. Njia ni fupi kuliko unavyodhani.

Nani alizianzisha? Gerhard Domagk wa Ujerumani, mwaka 1935. Miaka minne baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobeli, lakini kwa dawa nyingine kabisa: moja ya dawa za kwanza za kutibu bakteria mwilini, za jamii ya salfa.

Na panya ndio waliotoa siri ya benzalkoniamu. Patricia Hunt na Terry Hrubec, wanasayansi wa vyuo viwili tofauti vya Marekani, waliona panya wao wa maabara wanaacha kuzaa vizuri bila sababu. Wakafuatilia chakula, maji, vizimba, kila kitu. Kumbe ni dawa mpya ya kusafishia maabara! Kwa binadamu jambo hilo halijathibitishwa, ila mimi nilipolisoma nilianza kusuuza meza ya chakula kwa maji safi kila nikishaifuta kwa dawa.

Unajua triklosani? Iliwekwa kwenye sabuni za "kuua vijidudu" kwa miaka mingi. Wamarekani 2,517 walipopimwa mkojo mwaka 2003 na 2004, ilionekana kwa karibu watu 75 kati ya 100. Robo tatu ya watu, walikuwa wakikojoa sabuni!

Mwaka 2016 serikali ya Marekani ikaipiga marufuku kwenye sabuni za mikono za nyumbani, pamoja na kemikali nyingine 18. Sababu? Watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba inashinda sabuni ya kawaida na maji. Kipande chako cha sabuni ya kufulia kimeshinda kesi!

Sasa mapafu. Kaa vizuri. Ngozi yako yote ukiitandaza haifiki mita 2 za mraba kwa kawaida, lakini vifuko vya hewa ndani ya mapafu vikitandazwa vinafika karibu mita 70 za mraba. Na kwa siku moja unavuta takriban lita 11,000 za hewa. Mlango mkubwa wa kuingilia mwilini mwako si mikono, ni pua.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, kilitoa matokeo ya watu 6,235 waliofuatiliwa kwa miaka 20. Wanawake waliokuwa wakisafisha nyumba zao, na wale wanaosafisha kwa ajira, nguvu ya mapafu yao ilishuka haraka kuliko ya wanawake wasiosafisha. Kwa wanaosafisha kwa ajira, watafiti waliilinganisha hasara hiyo na ya mtu aliyevuta karibu pakiti moja ya sigara kwa siku kwa miaka inayokaribia 20. Hapana, hukusoma vibaya! Dada wa kazi, mhudumu wa hoteli, mama wa nyumbani: hawa ndio ninaowafikiria kila ninapoona chupa ya kupulizia.

Maana kupulizia ndiko kwenye shida kubwa. Utafiti mwingine, wa 2007, uliwafuata watu 3,503 katika nchi 10 za Ulaya. Waliopulizia dawa za usafi angalau mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya dalili za pumu kwa karibu nusu zaidi ya wengine. Ukimwaga dawa hiyohiyo kwenye kitambaa, unapata usafi uleule bila kuila hewani. Rahisi namna hiyo!

Wauguzi nao? Walichunguzwa wauguzi wa kike 73,262 Marekani. Waliotumia dawa za kuua vijidudu kila wiki walikuwa na hatari ya ugonjwa sugu wa mapafu kwa asilimia 25 hadi 38 zaidi. Ukienda zahanati, mshukuru muuguzi mara mbili.

Lakini kisa kilichonikaa moyoni ni cha Korea Kusini. Majira ya baridi kule hewa hukauka, kwa hiyo familia nyingi huwasha chombo kinachotoa ukungu wa maji chumbani. Chombo hicho huota utelezi na kuvu ndani, na mwaka 1994 ikaingia sokoni dawa ya kutia humo ili kuua vijidudu. Mzazi alimimina kifuniko kimoja, akakiwasha chombo pembeni ya kitanda cha mtoto, akalala kwa amani.

Kemikali moja iliyopendwa zaidi ilikuwa ikitumika kwenye mazulia, na kwenye ngozi haikuonekana kuwa na madhara makubwa. Hakuna aliyeijaribu kwenye mapafu! Chombo kile kiliipasua kuwa matone madogo mno, yanayopita pua, yanapita koo, yanaingia moja kwa moja kwenye vifuko vya hewa. Usiku kucha, kila usiku, baridi nzima.

Kila masika, kuanzia mwaka 2006 hivi, madaktari wa watoto walipokea watoto ambao mapafu yao yalikuwa yakikakamaa, na hakuna aliyejua kwa nini. Walitafuta virusi, hawakupata. Mwaka 2011 wakaja wajawazito na kina mama waliotoka kujifungua, katika hospitali moja ya Seoul, wakiwa na ugonjwa uleule. Ndipo wachunguzi wa serikali walipouliza swali rahisi: nyumbani mnatumia nini?

Dawa zikaondolewa madukani mwaka huohuo wa 2011. Na unajua kilichofuata? Masika iliyofuata, ugonjwa haukurudi. Ulikoma! Lakini miongoni mwa waliojiandikisha kama waathirika, zaidi ya watu 1,000 wamefariki. Mwaka 2017 nchi ile ikawa na sheria maalumu ya kuwafidia waathirika wa dawa hiyo. Ilikuwa imeuzwa miaka 17, ikiaminika kuwa salama kwa watoto. Nasema na wewe kama ndugu: kilicho salama mkononi si lazima kiwe salama kifuani.

Na kinyume chake? Kuna dawa iliyopita kwenye ngozi! Ufaransa, 1972: poda ya watoto ilichanganywa kimakosa na heksaklorofeni, dawa ya kuua bakteria, kwa kiwango cha asilimia 6 hivi. Watoto wachanga 36 walikufa, na wengine zaidi ya 150 wakaugua. Ngozi ya kichanga ni nyembamba na mara nyingi ina upele wa nepi. Dawa ilipita hapo mpaka kwenye ubongo.

Je, wajua naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini na chooni? Haviyeyuki kuwa maji, vinaruka moja kwa moja kutoka kigumu kuwa hewa! Ndiyo maana kidonge kinapungua na hakiachi hata tone.

Hewa hiyo inaweza kupasua chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wako zaidi ya milioni 400 duniani, na ni wengi kule ambako malaria imeishi muda mrefu, pwani yetu ya Afrika Mashariki ikiwemo, kwa sababu upungufu huo humkinga mtu na malaria kali. Nguo za kichanga zilizokaa na naftalini zinaweza kumletea manjano mabaya. Zifue na zianike juani kabla hujamvisha.

Mtoto mchanga anapumua kama mara 40 kwa dakika, wewe 12 hadi 20. Kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko wewe. Na akianza kutambaa, viganja vyake? Sakafuni, kisha mdomoni, siku nzima!

Kanada walichunguza vinyesi vya watoto 757 wa miezi mitatu hadi minne. Kwenye nyumba zilizotumia dawa za kuua vijidudu mara kwa mara, bakteria wa tumboni mwa watoto walikuwa na mpangilio tofauti. Walipofika miaka mitatu, watoto hao walielekea kuwa na uzito mkubwa zaidi. Dawa ya sakafuni, tofauti tumboni. Ajabu!

Una paka? Basi hili ni lako. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja kemikali za jamii ya fenoli, na klorozailenoli, dawa iliyomo kwenye Dettol, ni ya ukoo huo. Paka akipita kwenye sakafu mbichi kisha akalamba miguu, ameinywa. Mfungie nje mpaka pakauke.

Na kwa nini Dettol hugeuka nyeupe kama maziwa ikiingia kwenye maji? Ndani ya chupa, mafuta yake yameyeyuka kwenye alkoholi na sabuni. Maji yakiingia, mafuta yanajitenga kuwa matone madogo mamilioni yanayotawanya mwanga. Weupe ule si dawa mpya, ni mwanga unaogonga matone!

Twende 2020. Kati ya Januari na Machi, vituo vya sumu vya Marekani vilipokea simu 45,550 kuhusu sabuni na dawa za usafi, asilimia 20 zaidi ya mwaka uliotangulia. Mei, watu wazima 502 wakaulizwa wanajikinga vipi na Korona. Watu 19 kati ya 100 walikuwa wakiosha chakula kwa jiki! Wengine 4 kati ya 100 waliinywa au kuisukutulia. Matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, jamani.

Mwaka huohuo, majimbo ya Arizona na New Mexico, watu 15 walilazwa baada ya kunywa vitakasa mikono vilivyochanganywa methanoli. Wanne walikufa, na watatu waliruhusiwa wakiwa na shida ya macho. Methanoli hushambulia mshipa wa macho, na kwa jicho la kawaida huwezi kuitofautisha na spiriti nzuri.

Spiriti ya asilimia 70 inaua vijidudu vizuri kuliko ya asilimia 100! Maji yaliyomo ndiyo yanayosaidia kuvuruga protini za kijidudu. Isiyo na maji hukauka haraka kabla haijamaliza kazi.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza vitakasa mikono ina haidrojeni peroksaidi, asilimia 0.125. Unadhani ni ya kuua vijidudu vya mkononi? Hapana! Ni ya kuua vijidudu vilivyojificha ndani ya chupa yenyewe. Kemikali hiyo hiyo hutengenezwa na asali ya nyuki ikichanganyika na maji kidogo, ndiyo maana asali hupakwa kwenye vidonda tangu zamani.

Lebo inasema "huua asilimia 99.9"? Fanya hesabu na mimi. Penye bakteria milioni 1, wanabaki 1,000. Bakteria wa tumboni aina ya E. koli, akipata chakula na joto, anaweza kugawanyika kila dakika 20. Saa tatu na dakika 20 baadaye, hao 1,000 wamekuwa milioni 1 tena! Kwa hiyo kinachoshinda ni kukausha na kuondoa mabaki ya chakula, si kuongeza dawa.

Na wengi tunafuta haraka mno. Virusi vya Korona vinahitaji dakika 1 ya kulowa kwenye klorini ya asilimia 0.1, na bidhaa nyingine zinataka dakika 10 kamili. Soma lebo. Ukipulizia ukafuta papohapo, umevuta dawa wewe, kijidudu kimesalimika.

Maji ya bomba nayo yana hadithi. Septemba 1908 daktari John Leal alianza kutia klorini kwenye maji ya Jersey City, Marekani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kesi ya maji hayo ikafika mahakamani, akasema maji yake ndiyo salama kuliko yote, na jaji akakubaliana naye. Leo klorini ya kawaida bombani ni kama gramu 1 kwenye matangi mawili ya lita 1,000. Kiasi hicho kidogo, na kipindupindu kinabaki nje ya mlango!

Ila ukioga maji ya moto yenye klorini, klorofomu kidogo hutoka na mvuke na kuingia kwa pua na kwa ngozi pia. Fungua dirisha la bafu. Dirisha ni bure!

Jua nalo ni bure. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, waliweka neli za majaribio zenye mchuzi wa virutubisho juani na nyingine gizani. Za gizani zilichacha kwa bakteria, za juani zikabaki safi. Mkeka na godoro unavyoanika uani, mwenzangu, vinapata dawa isiyoacha hata chembe kwenye vumbi lako.

Na Wamaasai wa Kenya walithibitisha hilo kwa maji ya kunywa. Katika utafiti uliochapishwa 1996, watoto 206 wa miaka 5 hadi 16 walipewa chupa za plastiki: nusu yao waliziweka juu ya paa juani, nusu wakaziweka ndani. Waliokunywa ya juani waliharisha mara chache zaidi. Chupa angavu isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu. Chupa tupu unazo, paa unalo. Anza kesho asubuhi!